Paka, Mchaichai na Kitunguu

Katika kaya nyingi za mkoa wa Shinyanga, karibu na mahali yanapomwagwa maji ya kuoga au ya kuoshea vyombo, huonekana kichaka cha mchaichai. Nchi ni kavu, na mmea huu hupandwa pale ambapo maji yaliyokwisha kutumika hayatapotea bure. Majani yake hutiwa katika chai ya asubuhi, nayo huipa harufu inayokaribiana na ya limau. Mtu aliyezoea kukaa uani atakuwa amemwona pia paka wa nyumbani akikisogelea kichaka hicho, akiuma ncha ya jani kwa meno ya pembeni, akilitafuna kwa taabu, na baada ya muda kutapika povu lenye vipande vya majani. Kwa kuwa ametapika, watu husema amekula sumu, na pengine mmea hung'olewa. Siku nyingine paka hulamba sufuria ya mchuzi uliobaki, halafu huanza kudhoofika baada ya siku tatu au nne. Wala hakuna anayeushuku mchuzi.

Makala haya yanachunguza ni kiungo kipi cha jikoni kinachomdhuru paka hasa, na kwa nini mnyama huyu adhuriwe na chakula ambacho binadamu hukila kila siku bila kuona lolote.

Swali hili si la mchezo. Paka wa Usukumani hafugwi kwa ajili ya urembo. Mahindi, mtama, mpunga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, huhifadhiwa nyumbani katika vihenge na magunia, na adui wa kwanza wa akiba hiyo ni panya. Panya wa mashambani, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Mastomys natalensis, ndiye mharibifu mkubwa wa nafaka kuliko panya wote wa Tanzania. Jike huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na katika miaka ambayo mvua imemfaa huongezeka ghafla hata kufukua mbegu zilizopandwa jana yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza mnyama huyu kwa miongo kadhaa. Huko Geita nako, katika makambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ambako unga na dagaa huwekwa ndani ya vibanda vya maturubai, paka ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Akifa, hasara yake huhesabiwa kwa madebe.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini mnyama mla nyama ale majani. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, Felis lybica, ambaye bado anaishi porini katika Tanzania, na alianza kuishi na watu yapata miaka 10,000 iliyopita, pale walipoanza kuweka akiba ya nafaka na panya wakaifuata. Katika kisiwa cha Kupro limepatikana kaburi la miaka 9,500 iliyopita ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Tabia ya kutafuna nyasi ni ya zamani kuliko ushirika huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza wafugaji zaidi ya 1,000, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kwamba paka 71 katika kila mia walikuwa wameonekana wakila mimea mara sita au zaidi katika maisha yao. Waliokuwa na mazoea ya kutapika baada ya hapo walikuwa kama robo tu, na walio wengi hawakuwa na dalili ya ugonjwa kabla ya kula. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba majani husisimua matumbo na kuyasukuma nje minyoo, na kwamba paka wa leo ameirithi tabia hiyo hata kama hana minyoo. Kwa hiyo kutapika baada ya kula majani, peke yake, si ushahidi wa sumu. Jani gumu lenye kingo kali humkera paka kooni na tumboni, naye hulirudisha.

Mchaichai, Cymbopogon citratus, ni nyasi kama nyasi nyingine, isipokuwa majani yake yana mafuta yenye harufu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo sitrali, ambayo ndiyo pia huyapa maganda ya limau sehemu ya harufu yake. Katika jani bichi mafuta ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya sehemu moja katika kila mia ya uzito wa jani. Chama cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, ambacho kina kituo mashuhuri cha kushughulikia sumu za wanyama, kimeuweka mchaichai katika orodha ya mimea isiyomfaa paka, na dalili kinayoitaja ni kuchafuka kwa tumbo. Ndiyo kusema kwamba paka anayeuma ncha mbili tatu za majani huweza kutapika au kuharisha, kisha hupona. Hapana sababu ya kuung'oa mmea.

Mafuta ya mchaichai yaliyokamuliwa na kutiwa katika chupa ni jambo jingine kabisa. Katika tone moja mna mafuta ya majani mengi, na hayo siku hizi huuzwa madukani kwa ajili ya kufukuzia mbu. Yakipakwa juu ya manyoya, paka huyalamba yote, maana paka hujisafisha kwa ulimi. Akishayameza, huwa amekumbana na udhaifu wa mwili wake ambao haufanani na wa mbwa, wa mbuzi wala wa mtu.

Udhaifu huo uko katika ini. Ini la mnyama ndilo linalozipokea kemikali ngeni zilizoingia kwa njia ya chakula na kuzigeuza ziweze kutoka katika mkojo au katika nyongo. Mojawapo ya njia zake kuu ni kuiunganisha kemikali ngeni na asidi ya glukuroniki. Ikisha kuunganishwa, kemikali huyeyuka katika maji na kutoka nje. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya namna mbalimbali. Paka anavyo baadhi tu. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 na baadaye umeonyesha kwamba jeni inayotengeneza kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, ijulikanayo kwa alama ya UGT1A6, imevunjika katika paka: imo, lakini haifanyi kazi. Mwaka 2011 ilionekana kwamba jeni hiyo imevunjika vivyo hivyo katika ukoo mzima wa paka, kuanzia duma hadi simba. Simba wa Serengeti na paka wa jikoni Maswa wana ini la namna moja. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wanyama waliokula nyama tupu kwa mamilioni ya miaka hawakukutana mara kwa mara na sumu za mimea, basi silaha isiyotumika iliharibika na hakuna aliyedhurika kwa kuipoteza. Ng'ombe na mbuzi, ambao kutwa wanatafuna majani yenye kila namna ya uchungu, hawakuweza kujiruhusu hasara hiyo.

Ni kwa sababu hiyo hiyo kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, ambacho mtu mwenye homa humeza viwili bila wasiwasi, kinatosha kumwua paka wa kilo tatu. Jambo hili lapasa kujulikana zaidi, kwa kuwa wako watu wenye huruma wanaosaga kidonge na kumpa paka anayechechemea.

Sasa tuje kwenye kitunguu. Hapa hatari ni ya kweli, nayo haitegemei ini peke yake bali damu yenyewe.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani mabichi ya kitunguu yanayokatwakatwa juu ya kachumbari ni wa jamii moja, Allium. Wote wana kemikali zenye salfa, ndizo zinazomtoa mpishi machozi. Kitunguu kikikatwa, kikipondwa au kikitafunwa, kemikali hizo hubadilika na kuzaa nyingine zenye nguvu ya kuoksidisha, yaani ya kukiunguza kitu taratibu kama vile kutu inavyokula chuma. Zikifika katika damu huishambulia hemoglobini, ile rangi nyekundu iliyomo katika chembe nyekundu za damu na ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Mahali zinaposhika ni katika ncha za hemoglobini zenye salfa na haidrojeni. Hemoglobini ya wanyama walio wengi ina ncha mbili za namna hiyo zilizo wazi kushambuliwa. Ya mbwa ina nne. Ya paka ina nane.

Hemoglobini iliyounguzwa hujikunja, ikagandamana na kuwa kijinundu kinachojishikiza kwenye ukuta wa chembe ya damu. Kijinundu hicho huonekana kwa hadubini, na kwa kuwa daktari Mjerumani Robert Heinz ndiye aliyekieleza mwaka 1890, wataalamu hukiita kwa jina lake. Chembe yenye kijinundu huwa ngumu na dhaifu. Hupasuka ikiwa bado safarini, au hukamatwa na kuvunjwa. Katika wanyama wengine bandama huviondoa vijinundu hivyo kwa ustadi, lakini bandama la paka limeumbwa namna nyingine, nalo huviacha vingi vipite. Hata paka mzima huweza kuwa na vijinundu vichache katika damu yake. Anapolishwa kitunguu huwa vingi mno. Damu ikipungua hivyo, mnyama hukosa hewa ingawa mapafu yake ni mazima.

Kiasi gani kinatosha? Vitabu vya tiba ya mifugo hutaja gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka. Paka wa kijijini mwenye kilo tatu basi ataonyesha madhara baada ya kula gramu 15. Kitunguu cha wastani kina gramu 100 hivi; ni kusema kipande kisichofika sehemu moja ya sita ya kitunguu. Mbwa huhitaji gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo. Kitunguu saumu kinahesabiwa kuwa na nguvu mara kadhaa zaidi ya kitunguu maji, hata kwamba punje moja huweza kumletea paka mdogo matatizo. Wala si lazima ale kiasi hicho kwa siku moja: kidogo kidogo cha kila siku hujumlika, kwa sababu chembe zinazoharibiwa leo hazijajazwa kabla ya nyingine kuharibiwa kesho.

Linalowashangaza wengi ni kwamba moto hausaidii. Kukaanga, kuchemsha na kukausha hakuiondoi sumu hii, na unga wa kitunguu ni mbaya kuliko kitunguu chenyewe, maana maji yametoka na kemikali zimebaki. Jambo hilo lilidhihirika huko Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Madaktari wa wanyama walikuwa na desturi ya kuwashawishi paka wagonjwa wale kwa kuwapa chakula laini cha watoto wachanga, na baadhi ya vyakula hivyo vilitiwa unga wa kitunguu ili vinukie vizuri. Paka waliolishwa chakula hicho kwa makusudi walipopimwa, vijinundu vya Heinz vilikuwa vimeongezeka katika damu yao, na kadiri unga ulivyokuwa mwingi ndivyo vilivyozidi. Chakula cha kumponya mgonjwa kilikuwa kinamharibia damu.

Msomaji wa Shinyanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Paka wake hapewi kitunguu kibichi, wala akipewa hatakila. Anachopewa ni ugali uliochovywa katika mchuzi, au vichwa vya dagaa kutoka ziwani vilivyoungwa kwa kitunguu na nyanya. Kemikali za kitunguu huingia katika mchuzi, na harufu ya samaki huificha ile ambayo ingemfukuza paka. Njia nyingine ni dawa ya kienyeji. Wako wanaomlazimisha paka ameze kitunguu saumu kilichopondwa ili kumtoa minyoo, au kumpaka mgongoni ili kuwafukuza viroboto, naye hukilamba. Kwa mtu kitunguu saumu ni tonge la afya, na si ajabu kwamba huhesabiwa kuwa chema kwa kila kiumbe. Lakini hata ng'ombe, mwenye ini hodari, hudhurika akilishwa vitunguu vilivyooza kwa wingi. Kati ya mifugo yeye ndiye asiyevistahimili zaidi, na mbuzi hustahimili kumzidi.

Viungo vingine vya majani havimo katika hatari hii. Giligilani na mrehani havihesabiwi kuwa sumu kwa paka, na rozimari kadhalika. Mnanaa ukiliwa kwa wingi humharisha na kumtapisha.

Dalili za sumu ya kitunguu ndizo zinazowapoteza watu, kwa kuwa hazitokei palepale. Siku ya kwanza paka huweza kutapika kidogo au asionyeshe lolote. Udhaifu huja baada ya siku kadhaa, chembe za damu zinapokuwa zimepungua: hulala kutwa, huacha chakula, huhema haraka kama aliyekimbizwa. Fizi zake, ambazo kwa kawaida zina rangi ya waridi, hupauka, kisha huweza kuwa za njano au za rangi ya udongo. Mkojo hugeuka mwekundu au wa kahawia kama chai ya rangi, kwa sababu hemoglobini iliyomwagika kutoka katika chembe zilizopasuka huchujwa na mafigo. Kufikia wakati huo mchuzi umekwisha sahaulika na lawama imekwisha mwendea jirani.

Na kwa kweli katika nchi ya pamba na dhahabu ziko sumu nyingine zinazoweza kumwua paka, wala haifai kukibebesha kitunguu kila kifo. Paka aliyekula panya aliyekufa kwa sumu za kuzuia damu kuganda naye hupauka fizi, lakini huvuja damu puani, katika kinyesi au chini ya ngozi. Paka aliyepakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili afe kupe na viroboto huanza kutetemeka, kutoa mate na kupigwa na degedege katika muda wa saa chache. Dawa nyingi za siku hizi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ng'ombe huvumilia na paka hawezi, hapa tena kwa sababu ya lile ini lake. Dawa hizo ni jamaa wa zile zinazonyunyiziwa pamba. Josho ni la ng'ombe.

Huko Geita iko pia zebaki. Wachimbaji wadogo huisaga miamba kwenye karasha, huiosha, kisha huichanganya na zebaki ili ishike dhahabu, na mwishowe huichoma; mvuke wake huingia hewani na mabaki yake katika udongo na maji. Paka wana nafasi ya pekee katika historia ya sumu hii. Katika mji wa Minamata, Japani, kabla ya ugonjwa wa watu kutangazwa mwaka 1956, wavuvi walikuwa wamewaona paka wao wakipepesuka, wakizunguka kama wanaocheza ngoma na kufa, kwa kuwa walikula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Mwaka 1959 daktari Hosokawa Hajime alimlisha paka aliyepewa namba 400 maji machafu ya kiwanda, naye akashikwa na ugonjwa ule ule. Matokeo hayo hayakutangazwa wakati huo. Uchunguzi uliofanywa katika ukanda wa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba samaki wengi waliopimwa walikuwa na zebaki chini ya kiwango cha nusu miligramu kwa kilo kinachokubaliwa kimataifa, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hata hivyo paka anayepepesuka karibu na mahali pa kuchomea dhahabu, huku fizi zake zikiwa na rangi nzuri, hakuugua kwa kitunguu, na wenye watoto katika kambi hiyo wangefanya vema kumtazama kwa makini.

Ikiwa inajulikana kwamba paka amekula kitunguu muda si mrefu, mtu asimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwa maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Maziwa, ambayo wengi huyategemea kama dawa ya kila sumu, hayafanyi kitu hapa. La kufanya ni kumpeleka kwa mtaalamu wa mifugo wa kata au wilaya, na kumweleza wazi alichokula na siku aliyokila. Hakuna dawa inayokivunja kijinundu cha Heinz kilichokwisha kutokea; matibabu ni kumtuliza mgonjwa, kumpa maji mwilini, na pale panapowezekana kumwongezea damu, huku ikingojwa uboho wa mifupa utengeneze chembe mpya. Chembe nyekundu ya paka huishi yapata siku 70 tu, kwa hiyo mwili wake umezoea kutengeneza damu kwa bidii, na paka aliyeacha kula kitunguu mapema huweza kupona kabisa katika wiki chache.

Kumkinga hakugharimu kitu. Dagaa wa paka watengwe kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, wachemshwe kwa maji matupu, na sufuria ya mchuzi ifunikwe usiku. Mchaichai uachwe ulipo.